Muulize Mjomba: Chuo kimefungua kozi mpya, mimi naingilia mlango gani?

Wasomaji wangu, shikamoo zenu zote nimezipokea, marahaba. Mwezi huu maswali karibu yote ni ya vyuo, sijui ni haya mahafali yanayofululiza au ni yale mabango ya "kozi mpya" yaliyobandikwa kila nguzo hapa Tanga kuanzia stendi ya Kange mpaka Ngamiani, maana hata ukiwa kwenye daladala unasoma tu kozi, kozi, kozi. Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, na ambaye swali lake halimo asinune, nafasi yenyewe ndo hii mnayoiona.

Mjomba shikamoo. Mimi naishi Muheza, nina miaka 21, shule niliacha form three nikapata mtoto, sa hivi ana miaka mitatu. Nasikia Chuo cha Kiwanda kinachukua wasichana kama sisi pamoja na watoto wetu, ni kweli au maneno ya watu tu? Na nikienda nitapewa cherehani tu au na form four nitamaliza? (Mama Mmoja, Muheza)

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na tena kwangu mimi hilo ndo jambo kubwa kuliko yote waliyofanya hivi vyuo miaka ya karibuni, kubwa kuliko majengo na kuliko zile kompyuta wanazopiga nazo picha siku ya mahafali.

Kiwanda ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, wengi mnasema FDC, na mkoa wetu una kingine kule Handeni. Nchi nzima vipo 54. Vilianza 1975, Mwalimu Nyerere alikuwa ameenda Sweden akakuta wenzetu wana vyuo vya watu wazima vya kulala hukohuko, mtu anasoma kazi na maisha bila kuulizwa sana alipata daraja gani, akaona hiki kitu kinatufaa. Baadaye vikachoka bwana. Mabati yakatoboka, cherehani zikafa, vikawa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii kwa miaka mingi halafu ndo vikahamishiwa wizara ya elimu, na baada ya hapo ukarabati ukafanyika ambao kwa kweli ukienda unauona kwa macho.

Sasa huo mpango uliousikia unaitwa Elimu Haina Mwisho, unaendeshwa na vyuo hivi pamoja na shirika la Karibu Tanzania, KTO. Umewalenga wasichana walioachia sekondari njiani, iwe kwa mimba, ada, kuuguza mzazi au vinginevyo. Unasoma masomo ya sekondari kwa njia ya mkato, ile miaka minne inabanwa kuwa miwili, na pembeni yake unachukua fani ya mkono kama ushonaji, upishi, umeme wa majumbani, kilimo na mifugo, inategemea chuo kina nini. Kwahiyo jibu la swali lako la mwisho ni vyote viwili, sio cherehani tu.

Na mtoto ndo hapo utamu ulipo. Chuoni kuna kituo cha watoto, wa kwako anashinda na walezi, anacheza, anakula, we uko darasani ukuta wa pili, mapumziko unaenda kumwona. Kuna binti alinieleza kwamba zamani alikuwa anajaribu kusoma tyusheni mtaani mtoto yuko mgongoni, mwalimu akiandika ubaoni mtoto analia, wenzake wanageuka kumwangalia, mwishowe akaona aibu akaacha. Hapo kituo cha watoto ndo kimeamua kama mtu anasoma au hasomi, wala sio akili yake.

Ila kuna vitu viwili uvijue kabla hujapanda gari. Kwanza waulize chuoni kama mwaka huu wanapokea na mwisho wa kuandikisha ni lini, maana mpango wenye wafadhili haufanani kila mwaka, na uliza wazi wazi nini ni bure na nini unakuja nacho mwenyewe, godoro, sare, sabuni, maziwa ya mtoto. Pili, tafuta matokeo yako ya mtihani wa kidato cha pili. Kama ulifaulu ule mtihani, form four utasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea moja kwa moja, kama hukufaulu itabidi uanze na QT, mtihani wa maarifa. Wasichana wengi wanafika chuoni hawajui hata namba yao ya mtihani wa form two, inaanza kutafutwa shule ya zamani, mwalimu mkuu kahama, ndo muda unapotea.

Kuna watu watakwambia si urudi shule ya kawaida tu, serikali iliruhusu tangu Novemba 2021. Ni kweli iliruhusu, ila ule waraka uliweka muda wa miaka miwili tangu uache na wewe umeshaupita, na halafu kukaa dawati moja na watoto wa miaka 15 una mtoto nyumbani sio kila mtu anaweza. Mi ningekuwa baba yako ningekupeleka Kiwanda. Nasikia pia wana timu ya mpira ya wasichana, ukipenda.

Mjomba habari ya kazi. Mimi fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, niko Ngamiani miaka mingi na vijana wangu wawili nimewafundisha mwenyewe. Darasa la saba sina cheti chochote. Kila nikienda kuomba kazi kule Chongoleani kwenye bomba naambiwa leta cheti. Vyuo vimefungua kozi mpya za uchomeleaji, je nikaanze upya na watoto wa form four mimi na ndevu zangu? (Fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili)

Salama fundi. Hapana, usianze upya, ila usidhani pia kwamba cheti chochote kitakufungulia geti la Chongoleani. Nitakueleza kwa kirefu kidogo maana mafundi kama wewe mko wengi na mnadanganywa sana.

Kuna kitu VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanakiita urasimishaji wa ujuzi, yani kumtambua fundi aliyejifunza mtaani. Hukalishwi darasani mwaka mzima. Unajaza fomu, wanakuhoji kuhusu kazi zako, mtathmini anakuja kukuona ukiwa kazini kwako hapohapo Barabara ya Kumi na Mbili na grinda yako na mashine yako, anaangalia unavyopima, unavyokata, unavyounga, unavaa miwani au unafumba macho tu (nakujueni). Wakiona mahali una pengo, mara nyingi ni kusoma mchoro, usalama kazini na hesabu za vipimo, unapewa mafunzo mafupi ya kuziba hilo pengo, halafu unapimwa na ukifaulu unapewa cheti cha ngazi yako, Level One au Two kulingana na uwezo. Mara nyingine ofisi ya Waziri Mkuu inayohusika na kazi inalipia mafundi kwa makundi, kwahiyo pita chuo cha VETA hapa Tanga uulize kundi linalofuata, na usipolikuta uliza gharama ya kujilipia.

Hiyo ndo hatua ya kwanza. Sasa bomba.

Lile bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, na 1,147 ziko upande wetu. Mafuta yenyewe ni mazito yana nta, yakipoa yanaganda, ndo maana bomba linapashwa moto njia nzima na limevikwa koti la kuzuia joto lisitoke. Kiungo kimoja kikivuja hapo sio kwamba geti la mtu limelegea bawaba, ni shamba la mtu, ni kisima, ni bahari yetu pale. Ndo maana hawaangalii cheti peke yake, wanakupa mtihani wa mkono.

Mageti yako unachomelea chuma kimelala mezani, au unakigeuza ukitakacho. Wenyewe mkao huo wanauita 1G. Ukichomelea wima ni 3G, ukichomelea juu ya kichwa ni 4G. Sasa kuna 6G, hii ndo inayowaliza watu. Bomba linafungwa mshazari nyuzi 45 na haliruhusiwi kugeuzwa, we ndo unalizunguka. Unaanzia chini umechuchumaa kichwa umekiinua cheche zinakushukia kolani, unapanda ubavuni mkono unabadilisha pembe kila hatua, unamalizia juu, na mshono wote lazima uwe sawa na ule wa kwanza, kule ndani ya bomba uwe umepenya bila kutoboa na bila kuacha shimo la hewa. Ukimaliza hawakusifii kwa macho, wanaupiga picha ya eksirei au wanakata vipande wanavikunja waone kama vitapasuka. Fundi wa miaka 20 anaweza akafeli hapo asubuhi moja, na kijana aliyefundishwa vizuri akafaulu.

Kwahiyo ukiona chuo kimetangaza kozi mpya ya uchomeleaji uliza hivi, mnafundisha mpaka mkao gani, mna mabomba ya kufanyia mazoezi au ni vipande vya angle bar tu, na anayepima mwisho ni nani, ni mwalimu wenu au ni mpimaji wa nje? Rodi na chuma vinaisha haraka na vinauma bei, chuo kisichokuwa na bajeti ya vifaa kitakuchomelesha mara mbili kwa wiki halafu kikupe cheti, na mkono haujajengeka.

Na nikwambie lingine ambalo hulipendi. Kazi ya kulaza bomba ina mwisho wake, ikishalazwa imelazwa. Cheti kitafute lakini usikitafute kwa ajili ya Chongoleani tu. Tanga hii ina viwanda vya saruji, vya chokaa, mitambo ya mkonge, bandari imepanuliwa, kote huko kuna mafundi wa matengenezo na wote wanaulizwa cheti. Hao vijana wako wawili nao waandikishe kwenye urasimishaji, usiwaache.

Mjomba, mwanangu kapata division four ya mwisho. Kuna chuo kimoja hapa mjini wamesema anaweza kuchukua diploma ya miezi sita, ada laki tisa, na ajira uhakika. Nimelipa nusu. Nimefanya vizuri? (Baba Salma, Chumbageni)

Baba Salma, nusu ya pili usilipe kwanza.

Diploma ya miezi sita haipo kwa mtoto anayetoka form four. Kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ni ngazi, cheti cha awali ngazi ya 4, halafu ya 5, halafu diploma ngazi ya 6, na kwa kawaida ni miaka mitatu mpaka unaimaliza. Na ili aingie ngazi ya 4 anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, hata kama ni D. Hesabu D za mwanao kwanza. Kama zimetimia milango ipo, kwa mfano hapa Buhuri kuna chuo cha mifugo cha serikali, cha LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, ila kule masomo ya sayansi yanaangaliwa.

Kama hazijatimia mpeleke ufundi stadi, kozi nyingi huko zinapokea hata darasa la saba. Ada ya vyuo vya serikali vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ongeza sare na vifaa. Linganisha na laki tisa yako. Kozi ndefu zinaanza Januari, kwahiyo fomu zifuatilie mapema, sio uje Disemba unahema.

Hicho chuo chenyewe waombe namba ya usajili, kisha nenda kaitafute kwenye orodha ya NACTVET, iko wazi mtandaoni, dogo yeyote mwenye simu atakusaidia. Usajili wa chuo peke yake hautoshi, angalia na kozi yenyewe kama imeruhusiwa kufundishwa pale. Wapo wajanja wamesajiliwa kwa kozi mbili wanafundisha nane. Ukikuta hawamo omba hela yako kwa maandishi, na risiti uliyopewa usiiache kwao.

Shikamoo Mjomba, tunakusoma mpaka huku Bagamoyo. Mdogo wangu wa kiume kamaliza form four, anapenda sana ngoma na sarakasi anataka chuo cha sanaa, baba anataka aende Mbegani akasomee uvuvi kwa sababu ndo kazi ya ukoo. Nyumba imegawanyika. (Dada Mtu, Dunda)

Marahaba, wasalimie Bagamoyo. Nyie mna bahati mnagombania vyuo viwili vyote viko pua na mdomo, wenzenu wanapanda mabasi kuvifuata.

Baba anadhani Mbegani wanafundisha kuvua. Kuvua anakujua tayari, kamfundisha yeye mwenyewe. Mbegani ni Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, na cha maana kule ni vile ambavyo ukoo hauna, yani kuhifadhi na kuchakata samaki asiharibike, kufuga samaki, injini za boti. Bahari ya karibu imechoka, kila mvuvi atakwambia anaenda mbali zaidi na petroli ni ile ile, kwahiyo anayejua kufuga na kuchakata ana nafasi ambayo mwenye wavu tu hana.

Chuo cha sanaa, TaSUBa, nacho baba asikidharau. Kipo tangu 1981, mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali, kinatoa cheti na diploma kwa ngazi zilezile za NACTVET kama vyuo vingine, na siku hizi sio ngoma na kuchonga peke yake, kuna na mambo ya filamu na kurekodi sauti. Kijana akitoka pale anaweza kupanda jukwaani au kukaa nyuma ya jukwaa anavuta nyaya, na huko nyuma ya jukwaa mara nyingi ndo kwenye mshahara.

Mimi siwezi kuwaamulia, ila mtu aliyelazimishwa sarakasi atavunjika mguu na aliyelazimishwa samaki atatoroka. Tamasha la TaSUBa likifika mwambieni baba aende japo jioni moja akae mbele. Na huyo dogo naye aende Mbegani siku moja akaone kabla hajakataa, manake na yeye anakataa kitu hajakiona.

Mjomba nimemaliza ushonaji FDC mwaka jana, cheti ninacho, cherehani sina. Nashonea kwa mtu ananipa buku mbili kwa gauni. Mikopo ya halmashauri ipo au ilifutwa? (Binti wa Handeni)

Haikufutwa, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi tena kuanzia Julai 2024. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na haina riba. Ila haitolewi kwa mtu mmoja mmoja kama wewe, inataka kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti ya benki. Kwahiyo tafuta wenzako uliomaliza nao, mkitimia watano nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Andikeni mnashona nini na mtamuuzia nani, sare za shule ndo zinaeleweka haraka kuliko magauni ya harusi. Na chagueni wanaojua kushona kweli, sio mashoga wa kujazia idadi, maana deni ni la wote.

Mjomba wewe kila toleo unavisifu vyuo, mafanikio mafanikio. Mimi nimesoma umeme wa majumbani, Level Two ninayo, niko kijiweni Makorora napiga stori. Mafanikio yako wapi? (Umeme Bila Kazi)

Swali zuri, na hasira yako naielewa kabisa.

Siku ya mahafali utasikia chuo kimehitimisha wangapi, kimeongeza kozi ngapi, kimepata basi jipya. Hakuna anayesimama kusema wale wa mwaka juzi wako wapi leo, wangapi wanafanya kazi waliyosomea. Serikali ilianza kujenga vyuo vingine 65 vya VETA, 64 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe, ni jambo jema silipingi, lakini mimi ningependa kila mkuu wa chuo kabla hajakata utepe atuambie hilo. Mzazi yeyote anayepeleka mtoto aulize hivyo hivyo pale ofisi ya usajili, nipe majina ya watatu waliomaliza fani hii niwapigie. Chuo kizuri kitakupa, kingine kitakupa kalenda.

Ila na wewe kuna kitu hujakisema. Leseni unayo? Maana umeme sio useremala. Ili mteja aombe TANESCO wamuunganishie, ile kazi ya kutandaza nyaya inatakiwa iwe imefanywa na kusainiwa na mtu mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni zina madaraja, la chini linakuruhusu kazi ndogo za nyumba za kawaida halafu unapanda kadiri ya elimu na uzoefu. Vijana wengi mnatoka chuoni mnadhani cheti ndo mwisho, kumbe mwenye leseni anakuja anawapa nyie kazi kwa deiwaka, nyie mnatoboa kuta siku tatu, yeye anakuja dakika kumi anagonga muhuri na hela kubwa inabaki kwake. Si mwizi, ana leseni.

Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa EWURA. Andaa cheti cha VETA, kitambulisho cha NIDA, picha, na uthibitisho wa kazi ulizofanya, kwahiyo wale mliowafungia umeme Makorora waombe wakuandikie barua hata ya nusu ukurasa yenye jina na namba ya nyumba. Kama huna uzoefu wa kutosha kakae chini ya mkandarasi mwenye leseni kwa muda, mkubaliane kwamba hiyo kazi anakuandikia. Hapa Tanga wapo, waulize wauza vifaa vya umeme, wanawajua wote kwa majina na wanajua nani analipa na nani halipi.